Maji ya Upenuni

Berdués, 9 Septemba 1957

Mwanangu Úrbez,

Salamu nyingi zikufikie huko Huesca, wewe na huyo mwenye nyumba wako anayekupikia supu ya maji matupu. Mimi mama yako mdogo ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linaijua mvua kabla ya mawingu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Viazi vimetoka vidogo lakini havina wadudu. Visorio wa nyumba ya juu amekufa, Mungu ampumzishe. Kila siku alikuwa akituambia atatuzika sote, na siku yake ilipofika hakukuwa na mwanamume wa kumchimbia kaburi, maana vijana wote mko mjini. Tulimzika wanawake wanne na padre.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na kamba ya kupimia. Wakalizunguka kanisa letu, wakapanda juu ya paa, wakaandika, wakavunja vigae vitatu. Nikawauliza, "Nyie mmetumwa na nani?" Mmoja akajibu, "Na Bwana Úrbez Ara, wa ofisi ya majengo ya kale." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bwana Úrbez! Huyu niliyekuwa nikimfuta kamasi kwa aproni yangu. Nikawakaangia mkate kwa mafuta ya nguruwe, nikawapa na divai, na waliposhiba ndipo wakanieleza: mnataka kutengeneza paa, kuchimba mtaro kuzunguka kuta, na kufunga gata za bati za kukusanya maji ya paa, pande zote mbili.

Paa tengeneza, tena Mungu akubariki, maana Jumapili linatuvujia shingoni wakati wa misa. Upande wa kusini fanya utakavyo. Lakini upande wa kaskazini usichimbe, mwanangu, na gata usifunge. Acha maji ya upenu yaanguke pale yanapoangukia siku zote. Hilo ndilo ombi langu na sina jingine.

Nimekutumia soksi jozi mbili. Zivae, usizigawe.

Ni mimi mama yako mdogo,
Orosia


Huesca, 2 Oktoba 1957

Mama mdogo mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Soksi zimefika na nimezivaa. Mwenye nyumba ameziona akauliza kama kwetu kuna theluji mwezi wa tisa. Pole kwa Visorio. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Pole pia kwa goti. Muone daktari wa Jaca, usimuone tena yule mganga wa mifupa ya ng'ombe.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani unanitania. Mama mdogo, kanisa lile lina miaka mia nane na hamsini na ushei. Mafundi walipanda kutoka Jaca, wakajenga ukumbi mmoja tu na ule ukuta wa mviringo nyuma ya altare, wakazungusha mstari wa vijiwe vya mraba kama ubao wa dama, halafu juu wakatandaza dari la mawe lililopinda kama pipa. Dari la namna ile halitulii. Usiku na mchana linazisukuma kuta nje. Ndiyo maana walizifanya nene, hatua nzima na zaidi, madirisha yakawa membamba ya kupitisha mkono, na ukuta wa kaskazini hawakuutoboa hata mara moja. Ukuta ule ndio unaobeba. Sasa fikiria: miaka yote hiyo maji ya paa yanaanguka mguuni pake, mahali pale pale, yanaingia kwenye msingi. Nimeletewa picha. Ufa umeanzia chini na umefika kwenye vile vichwa vya mawe vilivyo chini ya upenu, na unaingia kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hakuna aliye hai anayejua kuujenga.

Tena nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kulikuwa na makanisa kumi na manne kwenye orodha, na fedha za moja tu. Nimelipigania la kwetu miezi saba. Mkuu wangu amekubali, na amesema ripoti nitaiandika mimi, kwa jina langu. Ni mara ya kwanza jina langu kuwekwa chini ya kitu chochote. Nilitaka kitu hicho kiwe Berdués.

Basi niambie kwa nini. Kama ni ubaya wa bati, tutalipaka rangi ya mawe na hutaliona.

Mwanao,
Úrbez


Berdués, 30 Oktoba 1957

Mwanangu Úrbez,

Salamu. Huku ni wazima. Nguruwe amenenepa hata anashindwa kugeuka, tutamchinja karibu na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na sehemu yako ya soseji nitakuwekea. Kondoo wa kijiji wameshashuka kwenda malisho ya bonde la chini. Blasa wa kinuni anauliza utaoa lini. Nimemwambia ukipata mwanamke mwenye ufa utamwoa.

Unanifundisha kanisa langu. Ufa ule niliuona kabla hujazaliwa. Vile vichwa vya mawe nimevihesabu misa baada ya misa, na unavijua majina kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha: Dubu, Mlevi mwenye pipa, na yule mwanamke wa mdomo wazi tunayemwita Mama Mkwe. Sikatai kwamba wewe unajua kwa nini havianguki. Lakini si kila kilicho kanisani kimejengwa kwa mawe.

Unauliza kwa nini. Upande ule ni wa wanawake. Wanaume hawauulizi, na wewe umesoma sana lakini bado ni mwanamume. Marehemu Padre Gervasio alikaa hapa miaka thelathini na hakuupita bila kukohoa kwanza, ili aliyeko pale apate nafasi ya kuondoka. Mvua ikinyesha, mmoja wetu au wawili hutoka wakasimama. Umeniona nikitoka. Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza natafuta nini kwenye mvua, nikakujibu natafuta konokono. Ukachukua kikapu ukanifuata, na kwa bahati tulipata wengi, tukawala na kitunguu saumu.

Sikuwa natafuta konokono.

Usichimbe pale, Úrbez. Nimekulea na sijawahi kukudai shukrani. Sasa nakudai hiyo moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama yako mdogo,
Orosia


Huesca, 19 Novemba 1957

Mama mdogo mpenzi,

Nakuamkia, na natumaini goti limepungua. Hapa baridi imeingia. Nimehamishiwa meza ya karibu na jiko la makaa, jambo ambalo ofisini kwetu ni kama kupandishwa cheo.

Barua yako ya konokono ilinifikia siku tatu baada ya mafundi kuanza, kwa hiyo usininunie. Nilifikiri kumpigia simu fundi mkuu, Lacasta, asimamishe kazi. Lakini nimwambie nini? Kwamba wanawake husimama pale mvua ikinyesha? Angenicheka bonde zima lisikie. Na theluji ilikuwa njiani. Mtaro usingefungwa mwezi huu, ukuta ungekaa wazi hadi Aprili. Nikaacha kazi iendelee. Gata zimeshafungwa, pande zote mbili, na Lacasta anasema msingi umeanza kukauka.

Na sasa sikiliza, maana hili litakufurahisha. Tumepata makaburi! Kumi na moja, yote upande wa kaskazini, yamepangwa mstari mmoja chini ya upenu pale hasa maji yanapoangukia. Madogo, hayazidi urefu wa mkono wako hadi kwenye kiwiko. Kila moja limefunikwa kwa kigae kimoja cha paa. Ni watoto wachanga wote. Sijaweza kupanda mwenyewe kwa sababu ya barabara, lakini Lacasta amechora, amehesabu, na ameniletea wote kwa lori kabla ya theluji. Nimeandika kwenye ripoti kwamba ni wa karne ya kumi na mbili, labda watoto wa mafundi wenyewe waliojenga kanisa. Mkuu amefurahi sana; anasema itachapishwa. Namba saba peke yake imenisumbua: ina kofia ndogo ya sufu, imeoza karibu yote, na kifungo cha shaba. Nimeandika kwamba kifungo kiliingia baadaye, kwa njia ya panya.

Lacasta anachekesha. Anasema mama mmoja mkaidi wa shali nyeusi alishuka mtaroni akakaa humo, siku mbili nzima, mpaka siku ya pili jioni nguruwe wake alipolia njaa kijiji kizima kikamsikia, ndipo akakubali kuinuliwa. Ni nani huyo? Si Blasa wa kinuni? Mpe salamu zangu.

Mwanao,
Úrbez


Berdués, 4 Desemba 1957

Úrbez,

Salamu nakupa, maana adabu ni adabu. Nguruwe tumemchinja. Ndama ni mzima. Blasa ni mzima, na salamu zako nimempa.

Mama aliyekaa mtaroni ni mimi.

Lacasta hakunikosea. Aliniinua taratibu, akanifuta udongo, akasema, "Mama, mimi nina barua ya Bwana Úrbez, na sahihi yake hii hapa." Nikaitazama ile sahihi. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kuandika ile herufi ya kwanza, na bado mkia wake unaukosea vile vile. Nikaenda kumlisha nguruwe.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo nilikusudia kufa nalo. Likupate umekaa.

Ulizaliwa Februari ya mwaka ishirini na tisa, mwaka wa ile baridi. Mama yako, dada yangu Engracia, uchungu ulimshika alfajiri. Baba yako alishuka kumfuata mkunga ng'ambo ya bonde na theluji ikamfungia huko huko. Nyumbani tulikuwa mimi na dada yangu tu, na mimi sikuwahi kuzalisha kitu zaidi ya kondoo. Saa sita mchana akatoka mtoto wa kiume, mnene, mwekundu, analia mpaka mbwa akatoka nje. Nikasema, Mungu ni mwema. Nusu saa baadaye akatoka wa pili. Huyo alikuwa mdogo kama mkate, rangi ya kibuluu, hana sauti. Huyo wa pili ni wewe.

Unajua tulivyofundishwa. Mtoto akiwa anakufa na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza, mradi amwagie maji na kusema maneno. Nikachota kikombe cha maji, nikakumwagia wewe, nikasema maneno. Na maji hayaendi bila jina. Jina lilikuwa moja tu ndani ya nyumba ile, la babu yenu, lililowekwa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Ndilo lililonijia mdomoni. Nikakuita Úrbez.

Utauliza kwa nini sikumwagia na yule mwingine. Mwaka uliotangulia Padre Gervasio alimpigisha magoti mkunga mlangoni pa kanisa, Jumapili nzima, watu wote wakimpita, kwa sababu alimbatiza mtoto asiyekuwa katika hatari. Alisema amechezea sakramenti. Na baba yako alishapanga kila kitu: birika la ubatizo kanisani, msimamizi wa kutoka Jaca, mwana-kondoo wa kuchinja. Yule wa kwanza alikuwa mzima kuliko mimi. Nikasema, huyu atangoja.

Alinyonya vizuri. Siku ya pili yake, karibu na saa sita, alipiga chafya mara mbili akalala, na hakuamka. Wewe ulikuwa bado unapumua.

Padre, ambaye naye theluji ilimfungia nje ya kijiji, alipofika siku ya tatu, alisema kile anachosema padre. Mtoto bila maji hazikwi uwanja wa makaburi, kengele hailii, na huko anakokwenda hakuna moto lakini hakuna pia uso wa Mungu. Dada yangu alimsikia kutoka kitandani. Akanishika mkono akaniambia, "Orosia, mtafutie maji." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye akili. Alikufa kabla ya juma kuisha.

Mama yake Blasa ndiye aliyenifundisha. Alikuja na kigae chini ya shali. Akaniambia paa lile misa imesemwa chini yake tangu babu wa mababu, na maji yanayopita juu yake si maji ya bure. Ukimlaza mtoto pale yanapoangukia, kila mvua inambatiza. Isipotosha ya leo, itatosha ya kesho. Hapo walikuwa wengine tayari, wa kwake yeye wawili. Nilimvika kofia niliyoifuma mimi. Kifungo ni cha koti la baba yako. Hakikuletwa na panya.

Marehemu baba yako alitaka usiambiwe, na mimi nikaona heri. Nikakulea. Na kwa miaka ishirini na minane mvua ikinyesha nimetoka, nikasimama, nikasema moyoni, hiyo hapo, mwanangu, nyingine hiyo.

Ijumaa asubuhi ilinyesha, kabla haijageuka theluji. Nikatoka kama kawaida. Bati lilikuwa likipitisha maji kwa kelele, na pale chini ya upenu palikuwa pakavu.

Siwezi kukuandikia zaidi leo.

Orosia


Huesca, 26 Januari 1958

Mama mdogo,

Nakuamkia. Barua yako ya tarehe nne Desemba ilinifikia tarehe kumi na saba mwezi huu. Mtu wa posta anasema njia ya juu ilifungwa wiki sita. Katika wiki hizo nilikutumia kadi ya Noeli yenye picha ya mtoto horini. Ukiipata, ichome.

Nimekwenda stoo. Ni chumba kikavu kuliko vyote mkoani. Nilikichagua mimi, nikakisifia kwa mkuu, kwa sababu ya usalama wa karatasi na mifupa. Kila mmoja yuko ndani ya boksi lake la kadibodi, na kwenye kila boksi kuna namba kwa mwandiko wangu. Nililifungua la saba. Kifungo nilikitambua, baba ana koti lile kwenye picha yake ya arusi, na vifungo vyake vyote ni kama hicho. Picha ile imekaa juu ya kitanda changu tangu nilipohamia mjini. Nimeitazama maisha yangu yote.

Nikapanda kwa mkuu. Nikamwambia, "Ripoti ina makosa. Namba saba ni ndugu yangu."

Akacheka. "Ndugu yako wa karne ya kumi na mbili?"

"Wa mwaka ishirini na tisa."

Akavua miwani. Akasema, "Kaa chini, Ara. Unafahamu unachosema? Ripoti imeshakwenda Madrid. Saba ikiwa ya juzi, watasema zote ni za juzi."

"Zote ni za juzi. Mbili ni za bibi mmoja wa kinuni. Wengine wana mama zao pale kijijini, mzee, wanakula, wanakwenda misa. Nilikuwa nayauliza mawe nikawaacha watu."

Hakunifukuza. Ameiondoa ripoti, ameliondoa jina langu kwenye kazi nzima ya Berdués, na amenipeleka chumba cha chini kunakili ramani. Nimeona ni haki. Kwa kuwa si wa kale, sheria inataka warudishwe parokiani, nami nimeandika barua zote zinazohitajika. Njia ikifunguka kwa malori watapanda, kila mmoja na boksi lake. Nitakuja nao mwenyewe.

Kuhusu gata, siwezi kukudanganya. Ukuta ule ungeanguka, mama mdogo. Hapo sikukosea, na nimetamani sana kwamba ningekuwa nimekosea hapo na kupatia kule kwingine. Zikiondolewa, miaka kumi ijayo hakutakuwa na upenu wala kanisa.

Nimejaribu kufanya kazi na sikuweza. Nikiandika jina langu chini ya ramani nalifuta, kwa sababu si langu, niliazimwa. Silali vizuri. Najua uliyonieleza kuhusu padre na magoti na sherehe ya baba. Naelewa. Lakini kuna kitu kimoja kinanizunguka kichwani, na nakuomba unijibu hicho tu, kisha sitauliza tena.

Kikombe. Niambie kwamba maji yaliisha. Kwamba kilikuwa kikombe kidogo, au mkono ulitetemeka yakamwagika, na ulikusudia kurudi mtungini, na dada yako akakuita. Andika neno moja tu. Ukiandika "yaliisha" nitaamini.

Mwanao,
Úrbez


Berdués, 21 Aprili 1958

Mwanangu Úrbez,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Theluji imebaki vileleni tu. Ndama amekua, nimemwachisha kunyonya. Padre mpya ana kikohozi na Blasa anampelekea asali, na kijiji kimeshaanza kusema. Kadi ya Noeli ilifika siku moja na barua yako, nami sikuichoma. Ni picha nzuri.

Sanduku lenye watoto wote lilipanda na lori la posta Jumatano Kuu. Ulisema utakuja nalo. Nilisimama njia panda tangu asubuhi na kitambaa safi kichwani, dereva akashuka peke yake, akaniambia, "Mama Orosia, Bwana Úrbez amenipa hili mkononi, akasema nisiliweke chini." Basi hakuliweka chini. Nimeelewa kwamba hukuweza. Sikukasirika.

Gata zimebaki. Nilikwenda kumuuliza Lacasta, alikuwa amerudi kumalizia vigae, nikamwambia aniambie ukweli kama mama yake: ukuta ungeanguka? Akasema ungeanguka. Nikamuuliza, sasa maji yote haya yanakwenda wapi? Akanipeleka kwenye kona, kule kwenye ukuta wa mviringo. Gata ya kaskazini ina bomba linaloshuka, na mwisho wake amejenga kishimo cha mawe, hatua nne kutoka kwenye msingi, ili maji yanywewe na ardhi yasirudi ukutani. Maji ya upande mzima wa paa yanatoka pale, kwenye mdomo mmoja.

Jumatatu ya Pasaka tulikusanyika sita. Padre tulimwambia tunapanda maua. Akatutazama, akalitazama sanduku, akasema ana mishumaa ya kuhesabu, akaingia ndani akafunga mlango. Tulichimba kuzunguka kile kishimo, tukawalaza wote kumi na mmoja, miguu ikielekea kwenye maji, kila mmoja na kigae chake. Blasa aliwachukua wawili wa mama yake. Wanne hawakuwa na mtu, tukagawana. Wa saba nilimshika mimi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka.

Mvua imekuja Alhamisi. Nilitoka. Zamani ilikuwa tone hapa, tone pale, unasubiri uone kama wa kwako amepata. Sasa lilitoka bomba zima. Blasa alilia kwa sauti mbele za watu. Mimi nilikaa mpaka nikalowa mgongo, na nadhani wamepata.

Sasa kikombe.

Barua yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu. Neno uliloliomba ni rahisi kuliandika, na ungeliamini, hukusema uongo. Nimelianza mara mbili. Lakini mtu aliyevunja kazi yake kwa kusema kweli siwezi kumlipa kwa uongo.

Kilikuwa kikombe kikubwa cha bati, kile cha kukamulia mbuzi. Nilikijaza. Kwako nilitumia kidogo sana, vidole vitatu juu ya paji la uso, kwa sababu ulikuwa wa baridi na niliogopa kukuua. Baada ya hapo nilikaa chini, wewe mkono huu, ndugu yako mapajani, na kikombe kilikuwa bado kimejaa karibu hadi ukingoni. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri na sijaonja kitu. Nilikuwa na kiu, nikayanywa.

Mama yako mdogo,
Orosia